Magari Tisa kwa Siku

Kwanza tuelewane: Verlin Sizemore alikuwa hajui kusema uongo. Si kwamba alikuwa mtakatifu, la hasha. Kanisani alisinzia kama wengine, na kwenye karata usimpe mgongo. Ila uongo ulimshinda. Akijaribu tu, masikio yanamwiva mekundu, basi, mambo yote hadharani. Mkewe Nadine hakuchoka kumcheka. "Wewe Verlin, hata zawadi ya Krismasi huwezi kunificha. Nikikuuliza umeiweka wapi, hayo masikio yananijibu kabla ya mdomo."

Miaka thelathini na moja alifanya kazi ya barabara za jimbo. Kufyeka majani, kuziba mashimo, kuzibua makalvati, kumwaga chumvi wakati wa theluji. Na kuhesabu magari. Zamani, kabla ya mashine, watu wa barabara walipelekwa njia panda na daftari, wahesabu kila gari linalopita tangu asubuhi mpaka jioni. Wenzake walijifungia ndani ya gari la kazi, wamewasha hita, wanakula mikate ya soseji na kubuni namba. Verlin alikaa nje juu ya ndoo aliyoipindua, mvua inamnyeshea, anachora vistari. Walimwita mjinga. Lakini huku bondeni kwetu, Skaggs Fork, habari ile ilijulikana, na watu waliiweka moyoni. Verlin akikwambia kijito kitashuka kesho, unalala usingizi. Ndiyo maana siku alipokosea, bonde zima lilikosea pamoja naye.

Skaggs Fork ina nyumba thelathini na kitu, kanisa moja, makaburi juu ya kilima, na daraja moja. Njia ya pili, ile ya malori ya makaa ya mawe, ilizolewa na mafuriko, na mgodi wenyewe ulishafungwa, sasa nani angehangaika kuitengeneza? Ukitaka kutoka, ni daraja. Kiangazi maji yakipungua, pikapu iliyoinuka inaweza kupita majini kwenye malisho ya Hobert Cline, jirani yake Verlin, lakini hizo ni wiki chache tu kwa mwaka.

Daraja lenyewe ni la chuma na mbao, la enzi za babu zetu. Kila mkaguzi akija, kibao cha uzito kinabadilishwa. Kilianza tani kumi na mbili. Kikaja cha sita. Mwisho kikaja cha tatu, na hicho Verlin alikifunga kwa mikono yake mwenyewe, mwaka wake wa mwisho kazini. Tani tatu maana yake basi la shule linasimama ng'ambo na watoto wanavuka kwa miguu. Gari la zimamoto halivuki. Gari la taka halivuki. Gari la wagonjwa halivuki. Na Nadine moyo ulikuwa umeanza kumchoka, miguu inavimba, akipanda ngazi tatu anasimama kutafuta pumzi.

Basi, mwezi wa sita ikaja barua kwa kila nyumba. Serikali kuu imetoa fedha nyingi za barabara na madaraja, jimbo linaandaa orodha, kwa hiyo wataalamu watapita kuhesabu magari. Barua ilikuwa ya kurasa mbili, imeandikwa kwa lugha ile ya ofisini inayomfanya mtu atafute miwani halafu aache. Wiki hiyohiyo kijana mmoja akaja akatandika mpira mweusi kukatisha barabara, hatua kumi kabla ya daraja, akaufunga kwenye kisanduku cha chuma kwenye mti, akaondoka. Gari likiukanyaga, kisanduku kinahesabu.

Watu wakaenda kwa Verlin. Wangeenda kwa nani mwingine?

"Nimekaa na hao watu miaka thelathini na moja," Verlin akawaambia, amesimama barazani na kikombe cha kahawa. "Wakihesabu, wanafunga. Mmesahau Peeler?"

Nani angesahau Peeler? Peeler ni bonde la pili kutoka letu. Walitandika mpira kama ule, wakaona magari mengi na mazito yanapita juu ya daraja bovu, wakasema hatari hii hatuiwezi. Mwezi haukuisha, wakaziba daraja kwa matofali ya zege makubwa kama ng'ombe. Verlin alikuwa kwenye kikosi kilichoyapanga yale matofali. Bibi mmoja wa Peeler alimletea chai na mkate wa mahindi, akamwuliza, "Sasa mwanangu, sisi tutapita wapi?" Miaka minne baadaye Peeler haikuwa na mtu, ila mapaa yaliyobonyea na mbwa mmoja aliyekataa kuondoka. Lile swali la bibi Verlin alikuja nalo nyumbani, akalala nalo miaka yote.

"Kwa hiyo?" Hobert akauliza.

"Kwa hiyo wiki hii piteni majini. Kwenye malisho yako, Hobert. Mpira usisikie kitu."

Jamani, ilikuwa kama sikukuu! Wiki nzima pikapu zinashuka kwenye malisho, maji yanaruka, watoto wanapiga kelele nyuma. Wenye magari madogo waliyaacha ng'ambo wakapandishwa kwenye magari ya wenzao. Hobert alisimama kwenye ukingo amevaa kofia ya majani, akiwatoza watu sigara moja moja kama ushuru. Mchungaji mwenyewe alivuka majini, suruali imekunjwa. Kisanduku kilikaa pale kwenye mti, mpira umelala, hakuna anayeukanyaga isipokuwa watu wa nje wasiojua.

Nadine peke yake hakucheka. "Verlin, nimeisoma ile barua. Yote. Labda safari hii wanataka kujenga."

"Hao? Kujenga huku?"

"Barua inasema hivyo. Na hiki unachofanya ni nini kama si uongo?"

"Sijasema neno lolote, Nadine. Magari yamepita majini tu."

Nadine akamtazama masikio, akarudi kumenya viazi.

Mwezi wa kumi tukaitwa mkutanoni, mji wa wilaya, kwenye ukumbi wa zimamoto. Ofisi ya barabara ilimtuma bwana mmoja mpole, Pruitt, mwenye tai yenye picha za samaki. Alitundika ramani. Akaeleza vizuri, sitamsingizia: fedha zinatoka serikali kuu, zinagawiwa kwa majimbo, na jimbo ndilo linaloamua zinakwenda wapi. Kwa barabara kubwa jimbo lazima litie sehemu yake. Kwa madaraja madogo ya mabondeni kama letu, serikali kuu ingelipa yote, jimbo halitoi hata senti. Lakini madaraja mabovu ni mengi kuliko fedha, kwa hiyo yanapangwa kwa alama. Ubovu una alama zake. Kukosa njia nyingine kuna alama zake. Na idadi ya magari ndiyo inayoamua: chini ya hamsini kwa siku, daraja haliingii kwenye orodha.

Tukangoja. Barabara ya kwenda kwenye maghala mapya inapanuliwa. Njia panda ya madukani inawekewa mzunguko. Madaraja kumi na saba yanajengwa upya, akayasoma moja moja. Letu halikuwemo.

Verlin akasimama, kofia mkononi. "Na Skaggs Fork, bwana?"

Pruitt akapekua karatasi. "Skaggs Fork... ubovu, alama za juu kabisa. Njia mbadala hakuna, alama za juu kabisa." Akavuta pumzi. "Magari tisa kwa siku. Samahani, mzee. Ilikuwa tu hiyo. Mngekuwa hata sitini mngekuwa kati ya wa kwanza."

Siku za kawaida sisi tulikuwa tunapita sabini. Friji ya soda ilikuwa inanguruma pale ukumbini. Hakuna aliyemlaumu Verlin, na nadhani hilo ndilo lililomuua zaidi. Watu waliangalia viatu vyao. Shawna, mjukuu wa Hobert, ambaye mimba yake ilikuwa bado changa, alishika tumbo bila kujua anafanya hivyo. Pruitt akaongeza, kwa sauti ya chini, kwamba daraja lisiloingia orodhani mara ya pili itabidi lifungwe kwa usalama. Naye alikuwa binadamu, akaona nyuso zetu, akaahidi kuhesabu upya mwezi wa pili.

Wakati wa kurudi, Verlin aliendesha polepole mpaka wakafika darajani. Hapo akasimamisha pikapu.

"Ni mimi, Nadine."

"Najua ni wewe."

"Ningekusikiliza..."

"Ungenisikiliza, ndiyo. Miaka arobaini na mbili nakwambia hivyo." Akamshika mkono, mkono wake mwenyewe umevimba, pete haimtoki tena. "Ulimwogopea kila mtu, ndicho ulichofanya. Haya, endesha, mimi nasikia baridi."

Mwezi wa pili, Jumatatu moja, mpira ukatandikwa tena. Hobert akaja na wazo lake, na akilini mwake lilikuwa wazo safi kabisa. "Bwana mkubwa, tupande pikapu tuzunguke juu ya huo mpira kutwa. Kwenda, kurudi, kwenda, kurudi. Tutawapa magari elfu mpaka wadhani tumejenga uwanja wa ndege."

"Hapana," Verlin akasema. "Tulicheza na hesabu mara moja, tumeona. Safari hii iwe ya kweli. Mwenye shida avuke, asiye na shida akae nyumbani."

"Na hii theluji? Nani atatoka?"

"Hesabu ya kweli, Hobert."

Hobert akatukana kidogo, akakubali. Bonde zima likakubali, maana bado alikuwa Verlin.

Jumanne asubuhi Nadine alikuwa jikoni anakaanga mayai. Verlin alikuwa anafunga kamba za viatu. Alisikia mwiko umeanguka, akainua macho, akamwona Nadine amekaa chini sakafuni, mgongo umeegemea kabati, kama mtu aliyeamua tu kupumzika.

"Nimechoka ghafla," akasema. Midomo ilikuwa imebadilika rangi.

Verlin akajaribu kumnyanyua ampeleke kwenye pikapu. Nadine alikuwa mwanamke wa mwili, na mgongo wa Verlin ulikuwa umekwisha kwa miaka thelathini na moja ya sepetu. Ukakataa. Akajaribu tena, wakakaribia kuanguka wote wawili. Akapiga simu. Dada wa kwenye simu akamwambia gari la wagonjwa linatoka sasa hivi, dakika kumi litakuwa darajani. "Kuna mtu wa kuwachukua pale darajani, mzee?"

Kutoka darajani mpaka kwa Verlin ni maili mbili na nusu, kilima, na barafu. Akampigia Hobert. Simu ikaita, ikaita. Hobert alikuwa zizini, mikono imezama ndani ya ng'ombe anayezaa, simu iko mezani kwake. Akampigia mchungaji, ameshaenda mjini. Kwa Shawna hakukuwa na gari. Mumewe ameondoka nalo kwenda kazini.

"Nenda kawachukue," Nadine akasema.

"Siwezi kukuacha hapa."

"Verlin."

"Siwezi, Nadine."

"Zima jiko," akasema Nadine, "halafu nenda."

Akazima jiko. Akavua koti lake akamfunika nalo, akamwekea mto kichwani, akambusu paji la uso lililojaa jasho baridi. Akatoka na shati tu, kwenye theluji.

Aliendesha vibaya, mwenyewe alisema. Kwenye kona ya kanisa gari liliteleza likarudi. Akaukanyaga ule mpira, pa-pa, akavuka daraja. Gari la wagonjwa lilikuwa ng'ambo limesimama, taa zinazunguka, gari zima zuri, lina kila kitu ndani, na wale vijana wawili wamesimama kando yake na mikoba mikononi kama wasafiri. Wakaruka nyuma ya pikapu na mtungi wa oksijeni. Pa-pa, kurudi. Mmoja akawa anamwuliza kupitia dirisha la nyuma, ana miaka mingapi, anatumia dawa gani, na Verlin alijibu yote sawasawa, hata jina la kile kidonge cha asubuhi chenye jina refu.

Dakika ishirini na moja. Yule kijana aliziandika kwenye karatasi yake, ndiyo maana tunazijua.

Nadine alikuwa amekaa vilevile, ila kichwa kimeinama begani na koti limemwanguka. Walijaribu. Walijaribu muda mrefu kuliko walivyopaswa, kwa sababu mzee alikuwa amesimama mlangoni anawaangalia. Mayai yalikuwa bado kwenye kikaango.

Binti yao Rhoda akaja kutoka Ohio usiku uleule. Alimkuta baba yake amekaa sakafuni, mahali palepale, mgongo kwenye kabati. "Baba, amka, utapata baridi." "Alikuwa peke yake, Rhoda," akamwambia. "Nilimwacha peke yake." Rhoda akakaa chini pembeni yake, na wakalia pamoja, na hawakuona aibu.

Mazishi yalikuwa Alhamisi. Makaburi yetu yako ndani ya bonde, kwa hiyo ilibidi jeneza livuke kutoka mjini. Gari la maiti likafika darajani likasimama. Mwenye gari akaja na kofia mkononi, akasema bima yake haimruhusu kupita kwenye kibao kile, gari lina tani tatu na zaidi, anaomba radhi sana. Verlin akakitazama kile kibao alichokifunga mwenyewe, akasema, "Hujakosea."

Hobert alikuwa ameshajua. Alikuwa ameiosha pikapu yake usiku kucha, ile pikapu ya kubebea nyasi na samadi, ameisugua mpaka inang'aa, na nyuma ametandika shuka la viraka la marehemu mama yake. Hakutania hata kidogo. Wanaume sita wakahamisha jeneza, maua ya jeneza yakapukutika kwenye mbao za daraja, na Nadine akavuka daraja kwa pikapu ya jirani.

Nyuma yake yakafuata magari. Mimi sijawahi kuona magari kama yale Skaggs Fork. Nadine alifundisha darasa la kwanza miaka ishirini na sita, na kila mtu wa wilaya tatu aliyejifunza kusoma kwake alikuja. Kwa sababu ya uzito yalivuka moja moja: moja linapita, likishatoka, lingine linaingia. Ilichukua zaidi ya saa nzima. Pa-pa. Pa-pa. Pa-pa. Watu wote wa kikosi cha barabara walikuja pia, na Bwana Pruitt, nasikia, angekuja kama angejua.

Verlin alikuwa amesimama juu ya kilima kando ya shimo, na sauti ile inapanda mpaka juu kwa sababu theluji imenyamazisha kila kitu kingine. Na alihesabu. Hakutaka, lakini ilikuwa ni tabia ya miaka thelathini na moja, ilikwenda yenyewe kama pumzi. Mchungaji anasoma, Rhoda amemshika mkono, na yeye kichwani: sabini na tatu, sabini na nne. Aliona haya mpaka akatamani ardhi ipasuke immeze. Baada ya mazishi tulikula kwenye ukumbi wa kanisa, nyama ya nguruwe na maharage na ile pudini ya ndizi ambayo Nadine alikuwa akiitengeneza vizuri kuliko wote, na safari hii kaitengeneza mtu mwingine na haikuwa yenyewe. Halafu magari yakavuka kurudi, na Verlin akayahesabu tena.

Ijumaa asubuhi hakuweza kukaa jikoni. Akavaa, akapanda pikapu, akashuka mpaka darajani bila sababu. Akamkuta binti mmoja wa ofisi ya barabara, kizibao cha rangi ya machungwa, pua nyekundu kwa baridi, amechuchumaa kwenye kisanduku. Jina lake lilikuwa limeshonwa kifuani: Tamsin.

"Shikamoo mzee. Unaishi humu ndani?"

"Marahaba. Miaka yangu yote. Wewe ndiye uliyetandika mpira?"

"Ni mimi."

"Umeufunga vizuri. Wengi wanauacha legelege, gari moja linahesabiwa mara mbili."

Binti akacheka. "Kumbe unaijua kazi hii!"

"Kidogo."

Akafungua kisanduku, akasoma namba kwa sauti huku anaandika. Jumatatu, arobaini na moja. Jumanne, arobaini na sita. Jumatano, thelathini na nane. Verlin akafumba macho. Theluji ilikuwa imewafungia watu ndani, kama Hobert alivyosema. Hamsini haikufikiwa hata siku moja.

"Alhamisi..." binti akapangusa kioo kwa kidole. "Mia moja na tisini na saba?"

Akageuza fomu. Verlin aliijua ile fomu. Alishaijaza mara mia, mvua na jua, juu ya ndoo yake. Aliujua mstari wa mwisho chini kabisa, na aliujua unataka nini: kama siku ile kulikuwa na sherehe, mnada, mazishi, jambo lolote lisilo la kawaida, liandikwe. Yeye aliliandika daima. Na likiandikwa, ofisini wanaitoa siku nzima, wanabaki na zile nyingine. Bila Alhamisi ilikuwa arobaini na kitu kwa siku. Ilikuwa matofali ya zege. Ilikuwa Shawna, mwezi wa tano siku zake zikitimia, anavuka kwa miguu na tumbo lake, na baada yake nyumba moja inahamwa, halafu ya pili, halafu kilima kile kinabaki na makaburi yake na hakuna mtu wa kuyafyeka.

"Mzee," Tamsin akauliza, "jana kulikuwa na jambo lolote huku? Jambo lisilo la kawaida?"

Verlin alikuwa na kofia ya sufu ambayo Nadine alimfumia. Akaishika kwa mikono miwili, akaivuta chini mpaka ikayafunika masikio yote.

"Hapana," akasema.

Binti hakuandika. Alikuwa anatazama mbao za daraja. Maua ya jeneza yalikuwa yameganda pale kwenye barafu, meupe na mekundu, na alama za matairi zimepita juu yake. Akamtazama Verlin, shati lake jeupe la jana, macho yake.

"Una hakika, mzee wangu?"

"Ilikuwa siku ya kawaida tu, binti. Alhamisi huku ndivyo ilivyo."

Tamsin akayatazama tena yale maua. Halafu akaandika, taratibu, na Verlin, ambaye alijua kusoma fomu ile hata kinyumenyume, aliona neno: hakuna. Akamsaidia kung'oa misumari na kuukunja ule mpira, wakaupakia garini, wakaagana.

Orodha mpya ilitoka mwezi wa sita. Daraja letu lilikuwa la nne. Hobert alikuja mbio na karatasi, amembeba mtoto wa Shawna mkono mmoja, anapiga kelele tangu barabarani kwamba wameandika magari themanini kwa siku, themanini, bwana mkubwa! Verlin akaisoma karatasi, akamrudishia, akavaa ile kofia ya sufu ingawa lilikuwa jua kali, akaenda zake kilimani.

Hobert alimfuata kwa mbali, akiogopa, na ndiye aliyetusimulia. Alimwona mzee amepiga magoti kaburini. Alimwona amevua kofia, masikio yamemwiva mekundu, amegeuza kichwa upande huu, halafu upande ule, kama mtu anayemwonyesha mwenzake kitu.

"Tazama, Nadine," alikuwa anasema. "Nilisema mazishi yako hayakuwa jambo. Niliulizwa kama kulikuwa na jambo lisilo la kawaida, nikasema hapana. Tazama masikio yangu."